Soko la Mtandaoni Likibadili Masharti: Panga Bei Upya Usile Hasara

Ukiona ujumbe wa "tumeboresha masharti yetu", ujue muuzaji kaongezewa mzigo. Mimi nauza asali hapa Isevya, Tabora, na wateja wangu wengi wako Dar. Nimeona wenzangu wakilalamika kwenye grupu la WhatsApp wiki nzima, ukiwauliza wanakatwa kiasi gani hawajui. Kwanza piga skrinishoti ya masharti ya zamani kabla mapya hayajaanza, maana yakishaondolewa huyapati tena. Halafu tafuta mambo matatu: kamisheni inakatwa kwenye nini, mteja akirudisha mzigo nani analipa nauli, na pesa yako wanakaa nayo siku ngapi.

Mtego mkubwa uko kwenye kamisheni. Asilimia inaweza kubaki ileile, ila badala ya kukatwa kwenye bei ya bidhaa ikakatwa kwenye jumla, nauli ikiwemo. Etsy, soko la mtandaoni la Marekani, ilipandisha yake kutoka asilimia 5 hadi 6.5 tarehe 11 Aprili 2022, wauzaji wengi wakagoma kwa wiki moja. Na hiyo 6.5 inagusa mpaka gharama ya usafirishaji. Mwenye duka Kariakoo hawezi kuumia kama sisi. Mzigo wake unabebwa na bodaboda, wetu unalala kwenye basi.

Chukua chupa ya lita moja. Tuseme asali 14,000, nauli 4,000, kwa hiyo unataka 18,000 mkononi. Kamisheni ni asilimia 10 ya jumla. Wengi wanaongeza asilimia 10 juu na kuandika 19,800. Soko linakata 1,980, unabaki na 17,820. Utasema 180 ni hela gani? Kwenye chupa mia ni 18,000, yaani chupa nzima na nauli yake umegawa bure. Gawanya 18,000 kwa 0.9 upate 20,000. Wakikata 2,000 yao, yako inabaki kamili. Kamisheni ikiwa asilimia 15, gawanya kwa 0.85. Bei ikionekana kumkimbiza mteja, weka chupa mbili kwenye boksi moja ili nauli igawanyike.

Kurudishiwa mzigo kunategemea bidhaa. Asali yetu ya miombo huganda kukiwa na baridi, na mteja asiyeijua anasema umemwekea sukari. Soko moja liliwahi kumrudishia mteja wangu pesa yote, na chupa akabaki nayo! Siku hizi mstari wa kwanza wa maelezo yangu unasema: asali hii huganda, iweke chupa kwenye maji ya moto yasiyochemka, itayeyuka. Nikifunga mzigo narekodi video moja isiyokatwa: lakiri ya chupa, jina la mteja, risiti ya basi.

Pesa wakianza kuishikilia siku 14, punguza idadi ya chupa unazoweka sokoni. Mrina asali wa Sikonge anataka taslimu, hana habari na siku zao 14.

Usitie namba yako ya simu ndani ya boksi kama masharti yanakataza. Akaunti itafungwa na salio likwame. Jina la biashara na neno Tabora kwenye lebo vinatosha, anayekutaka atakutafuta. Picha, maelezo na kumbukumbu za oda ziwe pia kwenye simu na daftari lako. Soko la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, halikusubiri muuzaji ajipange.

Ukidai ulichokatwa kimakosa, andika kwa kifupi: namba ya oda, kifungu cha masharti, kiasi kwa shilingi. Matusi achana nayo. Anayepokea ujumbe wako hawezi kushusha kamisheni, ila hela uliyokatwa kimakosa anaweza kuirudisha.