Namna ya kufundisha Mateso ya Yesu bila kuwatwisha Wayahudi wote damu yake

Mwongozo huu ni wa makatekista, wainjilisti, walimu wa kipaimara na wanaoandaa igizo la Njia ya Msalaba katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Unahusu sentensi moja ambayo wanafunzi huja nayo darasani Kwaresima ikifika: "Wayahudi walimuua Yesu, ndiyo maana wamelaaniwa mpaka leo." Sentensi hiyo ni ya uongo, na imeua watu wengi sana. Kuing'oa kunahitaji vipindi viwili vya dakika 60, Biblia moja kwa kila wanafunzi watatu, ubao na chaki. Mpangilio nao una uzito wake, maana mwalimu akianza pabaya atamaliza akiwa ameikaza sentensi ileile aliyotaka kuing'oa.

Kipindi cha kwanza: nani alikuwa na mamlaka

Kosa linalotokea mara nyingi ni kufungua Mathayo 27:25 moja kwa moja, "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu," kisha kuhangaika kuufafanua. Mtoto anaondoka na mstari, maelezo anayaacha kwenye benchi. Uweke mstari huo hadi kipindi cha pili.

Waambie wasimame, waisali Kanuni ya Imani kama wanavyoisali Jumapili. Wakikaa, uliza: ukimwondoa Yesu mwenyewe na mama yake, ni binadamu gani mwingine ametajwa kwa jina? Ni mmoja tu, Pilato. Wakatoliki husema "akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato", na Walutheri na Waanglikana nao humtaja huyohuyo. Kanisa la karne za mwanzo lilipoifupisha imani yake yote katika mistari michache, jina la mtesaji lililoingia humo ni la gavana wa Kirumi. Taifa la Wayahudi halimo. Liandike jina la Pilato katikati ya ubao na uliache hapo.

Sasa wape historia. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Jiwe lenye jina na cheo chake lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus naye aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato. Kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa, wanyang'anyi na waasi. Kibao kilichotundikwa juu ya msalaba kilitaja kosa la uasi: "Mfalme wa Wayahudi." Kuhani mkuu Kayafa alikuwa amewekwa na gavana wa Kirumi, na Mrumi ndiye angeweza kumwondoa. Ukisoma Yohana 11:48 utasikia hofu ya viongozi wale: Warumi watakuja, watatuondolea mahali petu na taifa letu.

Hapa kuna mtego wa pili. Mwalimu mwenye nia njema huona vibaya kumtaja Kayafa, akaruka. Usiruke. Injili nne zote zinasema wakuu wa makuhani walihusika, na mwanafunzi mwenye Biblia mkononi akikukamata unaficha, hatakuamini tena kwa lolote. Chora safu tatu ubaoni.

Safu ya kwanza ni ya waliohusika: Pilato, askari wake, Herode Antipa, Anasi na Kayafa, baadhi ya wazee wa baraza, Yuda, na kundi lililokuwa mbele ya gavana asubuhi ile. Matendo 4:27 inawataja kwa pamoja Herode, Pilato, Mataifa na watu wa Israeli.

Safu ya pili ni ya Wayahudi wa siku ileile waliokuwa upande mwingine. Waache wanafunzi wayatafute majina yao wenyewe, maana hapa ndipo darasa linapoamka: Mariamu, Maria Magdalena, mwanafunzi aliyesimama chini ya msalaba, mkutano mkubwa na wanawake waliomlilia njiani (Luka 23:27), makutano waliorudi wakijipiga vifua (23:48), Yusufu wa Arimathaya aliyekuwa mtu wa baraza lenyewe na hakukubaliana na shauri lao (23:50–51), Nikodemo aliyeleta ratili mia za manukato (Yohana 19:39). Waongezee Marko 14:1–2: wakuu walitaka kumkamata kwa hila, wakaogopa kufanya hivyo wakati wa sikukuu kwa sababu watu wangezusha ghasia. Kama watu wote wangekuwa kinyume na Yesu, wakuu wangeogopa nini?

Safu ya tatu iache tupu, kisha uliza nani hayumo kwenye hizo mbili. Ni Wayahudi wa Aleksandria, wa Rumi, wa Babeli na wa miji mingi ya kandokando ya bahari. Walikuwa wengi mno, na hawakuwa Yerusalemu, wala hawakujua kwamba siku hiyo kuna mtu wa Nazareti anayehukumiwa.

Mwanafunzi makini atasema: lakini Yohana anaandika tu "Wayahudi", "Wayahudi". Ni kweli, na jibu limo humohumo katika Yohana. Katika 9:22 wazazi wa kipofu, ambao ni Wayahudi, wanawaogopa "Wayahudi". Katika 20:19 wanafunzi, Wayahudi wote, wamejifungia kwa kuwaogopa "Wayahudi". Basi mara nyingi anawasema wakuu wa Yerusalemu, na Yohana huyohuyo ameandika "wokovu watoka kwa Wayahudi" (4:22). Wazoeze wanafunzi kuuliza kila wanapolikuta neno hilo: Wayahudi gani hapa?

Kipindi cha pili: je, damu hurithiwa?

Anza na jambo la kwetu. Tarehe 14 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Uliza: mtoto aliyezaliwa Liwale mwaka huu anadaiwa damu ya askofu yule? Watajibu hapana, tena kwa haraka. Uliza swali la pili: Wajerumani walipochoma vijiji na mashamba na chakula, wakaleta njaa iliyomaliza wazee na watoto ambao hawakushika silaha, walitenda haki? Watajibu hapana tena. Sema wazi kwamba hulinganishi sababu za vita na sababu za msalaba, na kwamba wapiganaji wale walikuwa na madai yao dhidi ya ukoloni. Unalinganisha jambo moja tu, yaani kumdai mtu damu kwa sababu ya kabila au mahali alipozaliwa. Kusini tunalijua hilo kwa uchungu wetu wenyewe.

Ndipo ufungue Mathayo 27:25, na usiharakishe. Mambo manne yawekwe wazi. Maneno hayo yamo katika Mathayo peke yake. Waliosema ni kundi lililokuwa mbele ya Pilato, na hakuna kundi lenye uwezo wa kumfunga Mungu amhukumu mtoto ambaye hajazaliwa. Yesu mwenyewe alijibu akiwa msalabani: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo" (Luka 23:34); anayeshikilia laana anadai kwamba Baba alimnyima Mwana ombi lake la mwisho. Na katika Mathayo huyohuyo, sura moja nyuma, Yesu amesema damu yake inamwagika kwa ajili ya wengi kwa ondoleo la dhambi (26:28). Ikiwa damu hiyo iko juu yao na watoto wao, kwa imani ya Mkristo iko juu yao kwa kuwaosha.

Tarajia Kutoka 20:5, "kizazi cha tatu na cha nne." Huletwa karibu kila mara, na wengine huongeza kwamba hata kwetu ukoo hubeba deni la ndugu. Wapeleke Ezekieli 18:20, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake," kisha Yeremia 31:29–30 na Kumbukumbu la Torati 24:16. Manabii waliisikia hoja ileile ya kurithi hatia, wakaikataa. Hata kwa hesabu ya Kutoka yenyewe, kizazi cha nne baada ya Pilato kilikwisha zamani za Dola la Rumi. Na deni la ukoo wazee hulikalia, likalipwa, likafungwa; halidaiwi miaka elfu mbili. Wenye wakwe na majirani Waislamu wanaweza kuambiwa pia kwamba Kurani inafundisha kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine (6:164). Mjadala wa kama Yesu alisulubiwa au la usiuingize hapa, utakula kipindi chote.

Wengine wataleta 1 Wathesalonike 2:14–16, panaposema Wayahudi walimuua Bwana Yesu. Mstari wa 14 unawataja watesaji wa makanisa ya Yudea na kuwafananisha na watu wa Thesalonike waliowatesa Wathesalonike wenzao. Mwandishi, Paulo, ni Myahudi, na katika Warumi 11 anauliza kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, akajibu "Hasha!" Dakika tano zinatosha.

Swali la "mbona wameteswa sana?"

Hili ndilo lenye sumu zaidi. Mtu anaona mateso ya Wayahudi, anasema ni ile laana. Mjibu kwa majina ya watesaji. Mwaka 1096 watu waliojiita askari wa msalaba waliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz nchini Ujerumani. Pasaka ya mwaka 1903 huko Kishinev, mji uliokuwa katika Dola la Urusi, Wayahudi 49 waliuawa na wakazi wenzao. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Hitler iliua takriban Wayahudi milioni 6. Binadamu walitenda hayo, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Ukisema ni laana ya Mungu umewageuza wauaji kuwa watumishi wake. Yesu aliikataa hoja ya namna hiyo katika Luka 13:1–5 na Yohana 9:3.

Useme pia kosa la Kanisa bila kupepesa. Askofu Melito wa Sardi aliwashitaki Israeli kwa kumuua Mungu tangu karne ya 2. Yohane Krisostomo, akiwa padre, aliwatukana Wayahudi kwenye mimbari ya Antiokia mwaka 386 na 387. Martin Luther mwaka 1543 aliandika kwamba masinagogi yao yachomwe. Wanafunzi Walutheri wajue kwamba Kanisa la Kilutheri la Marekani liliyakataa maandishi hayo hadharani mwaka 1994. Kwa Wakatoliki, tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, la Oktoba 28, 1965, lililopita kwa kura 2,221 dhidi ya 88, linasema mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 598, inarudia fundisho la Katekisimu ya Trento ya mwaka 1566 kwamba Mkristo anayetenda dhambi huku akimjua Kristo ana hatia kubwa kuliko waliomsulubisha bila kumjua. Isome namba hiyo yote darasani. Kusema tu "sisi sote tulimsulubisha" ni kwepesi, na mtu anaweza kusema hivyo huku bado anawalaumu wengine.

Habari za vita vya Israeli na Palestina zitaingia, kwa kuwa ziko kwenye simu zao. Jibu fupi: unaweza kuipinga au kuitetea serikali yoyote kwa matendo yake ya leo, kumtaja Kayafa katika hoja hiyo ni kudai damu kwa ukoo.

Igizo na Ijumaa Kuu

Igizo hubomoa kwa nusu saa yote uliyofundisha. Wote walio Wayahudi katika kisa, Yesu na wanafunzi na makuhani na umati, wavae nguo za aina moja, kanzu au shuka. Pilato na askari peke yao ndio wavae tofauti. Mkimvika Yesu nyeupe na makuhani nyeusi, watazamaji wataona mataifa mawili. Ukiwa na watu 12 wa umati, wanne wapaze sauti, wanne wanyamaze wakiangaliana, wanne walie. Kayafa asiwe na sauti ya kutisha. Pilato asifanywe mtu mpole aliyelazimishwa: Luka 13:1 inasema alichanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao, na aliondolewa madarakani baada ya kuwaua Wasamaria. Mathayo 27:25 mnaweza kuuacha, kwa kuwa igizo si somo la Misa. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani katika vigezo vyao vya mwaka 1988 walionya dhidi ya kuigiza kipengele kinachoweza kuzaa dharau kwa Wayahudi.

Somo la Ijumaa Kuu ni Yohana 18–19, nalo halibadilishwi na msomaji. Mwombe padre akubali maelezo mafupi kabla yake, kwa mfano: "Yohana anaposema Wayahudi katika somo hili anawasema hasa wakuu wa Yerusalemu wa siku zile. Yesu, mama yake na mitume walikuwa Wayahudi." Sehemu ya umati isomwe na waumini wote. Wengine hupenda kuipa kwaya peke yake ili waumini wasiseme "Asulubiwe". Ikataeni, kwa kuwa ni vema sauti hiyo itoke vinywani mwetu.

Baadaye huja Sala kwa Watu Wote. Sala ya kuwaombea Wayahudi zamani iliwataja kwa neno la kuwashutumu, ambalo Papa Yohane XXIII aliliondoa mwaka 1959. Sala inayotumika tangu 1970 inawataja kuwa ndio wa kwanza kulisikia neno la Mungu, na inaomba wakue katika uaminifu kwa agano lake. Mpe msomaji mwenye sauti safi aifanyie mazoezi mara mbili au tatu nyumbani, na aache nafasi ya kimya kabla ya kuendelea na inayofuata.