Namna ya kuandika mwongozo wa programu ya kutolea profoma

Ofisi nyingi za uchapaji hapa Dar es Salaam zina programu ya kutolea profoma, yaani hati ya bei anayopewa mteja kabla ya kulipa. Kuna walionunua, kuna waliotengenezewa, na kuna wanaotumia faili la Excel lenye fomula. Iwe ipi, mara nyingi anayeielewa vizuri ni mtu mmoja. Siku akiugua, mteja anaambiwa arudi kesho, na mteja wa mabango harudi, anavuka barabara tu. Mwongozo wa ofisini kwetu ninauandika mimi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Usianze na vitufe. Anza na maswali ya kaunta. Bango la mita tatu kwa mbili ni bei gani? Hiyo bei ina VAT? Nikichukua matano mtanipunguzia? Mnaweza kunipa profoma yenye TIN na VRN (namba ya mlipakodi na namba ya usajili wa VAT)? Bei hii ni ya mpaka lini? Maswali hayo ndiyo vichwa vya kurasa zako. Anayefungua mwongozo ana mtu amesimama mbele yake anasubiri jibu, hana muda wa kujifunza menyu.

Kila ukurasa uwe na hesabu kamili, yenye namba zinazoonekana. Kwetu ukurasa wa kwanza unasomeka hivi:

Bango, mita 3 kwa 2
Eneo: 3 × 2 = mita za mraba 6
Bei: 6 × 12,000 = 72,000
VAT 18%: 12,960
Jumla: 84,960

Chini yake eleza kila namba inatoka wapi. Ile 12,000 iko kwenye karatasi ya Bei na anayeruhusiwa kuibadilisha ni bosi peke yake. Ile 18% iko kwenye seli moja tu, isiandikwe ndani ya kila fomula, ili kiwango kikibadilika kirekebishwe mahali pamoja. (Ukiwa Kenya, hapo weka 16%.) Na kama biashara haijasajiliwa VAT, andika wazi kwamba mstari huo unafutwa: asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja VAT.

Sehemu ya vipimo iandike kwa uangalifu kuliko zote. Wateja wetu wengi wanasema futi, programu inataka mita. Bango la futi 10 kwa 6 ni kama mita za mraba 5.57, karibu shilingi 66,900 kabla ya VAT. Anayeingiza 10 na 6 moja kwa moja anapata mita za mraba 60 na bei ya 720,000, na programu haitalalamika. Kwa hiyo andika juu kabisa, kwa herufi nene: uliza kwanza ni futi au mita, kama ni futi, zidisha kila upande kwa 0.3048.

Kuna pia mteja anayesema, "Nina laki moja, VAT ikiwa humo humo." Wengi hutoa 18,000 na kubaki na 82,000. Hiyo si sahihi. Laki moja igawanywe kwa 1.18: bei ni 84,746 na VAT ni 15,254. Weka mfano huu kama ulivyo, kwa sababu maelezo ya maneno matupu hayamsaidii mtu mwenye haraka. Punguzo nalo liwekwe kabla ya VAT.

Mengine ni mafupi. Profoma itumwe kwa PDF. Ukituma faili lenyewe la Excel, mteja anaona mpaka gharama zako za malighafi. Mteja akibadilisha ukubwa, usifute profoma ya zamani: profoma namba 0147 inafuatiwa na 0147B, maana afisa manunuzi wake huenda bado ameshika ile ya kwanza. Eleza pia kwamba profoma si risiti. Malipo yakifanyika, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) inatolewa. Picha za skrini zitumie pale tu kitufe kinapojificha, na jina la mteja ndani ya picha liwe la kubuni. Bei tuliyompa mtu ni siri yake na yetu.

Kisha ujaribu. Mkabidhi mwongozo mtu asiyewahi kugusa programu, mwambie atoe profoma ya bango la mita 3 kwa 2, halafu kaa kimya. Usimwelekeze hata kwa kidole. Asipopata 84,960, angalia alikwama wapi na uandike upya mstari huo. Ninampenda sana msomaji anayekwama, kwa sababu ananionyesha nilichodhani kila mtu anakijua.

Mwisho, chapisha nakala moja ibandikwe kaunta, yenye tarehe ya bei na jina la anayeirekebisha. Bei ya malighafi ikipanda, karatasi ya Bei na mfano wa ukurasa wa kwanza virekebishwe siku hiyo hiyo, na nakala ya zamani ing'olewe kaunta.