Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Kuangalia The Two Towers na Ukoo Mzima

Likizo ya Desemba ikikaribia, lazima atokee mtu anayewaahidi watoto wa ukoo kwamba safari hii wataangalia filamu tatu za The Lord of the Rings. Sawa. Ya kwanza haina matatizo, inajieleza. Matata yako kwenye ya pili, The Two Towers, ya mwaka 2002. Ni kipande cha katikati cha hadithi moja ndefu ambayo mwongozaji Peter Jackson aliipiga yote kwa mkupuo mmoja kule New Zealand, na haimsubiri aliyechelewa. Kwa hiyo kabla hujaanza kupanga viti, soma haya.

Ya kwanza iangalieni kwanza. Muhtasari wa dakika 10 wa mtandaoni hautoshi, wala kusimuliwa na kaka hakutoshi. Ya pili inaanzia kwenye milima ya theluji, sauti za watu zinasikika kutoka ndani ya mwamba, na ghafla uko darajani: mchawi Gandalf anapambana na lile dude la moto hadi wanaporomoka wote shimoni. Hakuna anayekukumbusha huyo mzee ni nani, wala kwa nini Frodo, yule mbeba Pete ya uchawi, anashtuka usingizini akiita jina lake. Ambaye hakuiona ya kwanza ataanza maswali hapohapo, na hatayauliza kwa kunong'ona.

Majina yaandike kwenye karatasi, uibandike ukutani. Usicheke, itakusaidia. Sauron na Saruman ni watu wawili. Sauron ndiye mwenye Pete hiyo kiasili, lile jicho la moto la nchi ya Mordor. Saruman ni mchawi wa ndevu nyeupe anayekaa kwenye mnara wa Isengard na aliyeamua kula njama na mkubwa. Kisha Gandalf naye anarudi kavaa meupe, na hata akina Aragorn, wenzake wa safari, wanamdhania ni Saruman, sembuse shangazi aliyekuwa jikoni akikaanga sambusa. Éomer na Éowyn ni ndugu, usiwaache watu wakadhani ni mke na mume. Mfalme Théoden ni mjomba wao, tena mjomba hasa, kaka wa mama yao. Hilo la mjomba ukilisema mapema, wazee wanaielewa Rohan, nchi ya mfalme huyo, bila maelezo zaidi.

Waambie pia kwamba njia ni tatu na filamu inarukaruka kati yake: Frodo na rafiki yake Sam wakiongozwa na Gollum (kile kiumbe kikondefu kilichowahi kuwa na Pete), Aragorn na wenzake wawili wakifukuzia waliotekwa, na Merry na Pippin mikononi mwa watekaji. Basi.

Maji na vitafunwa viwe karibu. Choo kila mtu aende kabla.

Sasa toleo. Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo nilipoona mtu mzima akitamani ardhi ipasuke.

Filamu hii ina matoleo mawili. La sinema ni la dakika 179, yaani saa 3 kasoro dakika moja. Refu, lililotoka baadaye kwenye DVD, linaongeza zaidi ya dakika 40, na kwa urefu wake halikuenea kwenye diski moja. Filamu yenyewe ilikatwa ikawekwa kwenye diski mbili. Kwa aliyenunua boksi halali hiyo si taabu, unanyanyuka, unabadilisha diski, unakaa. Taabu inaanza pale mtu wa kukopi anapochukua diski moja, akaipa jina la "part 2", akakuwekea kwenye flashi.

Shemeji yangu alitangaza onyesho wiki nzima. Aliazima projekta kazini, akatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ua kwa bibi, akaipiga pasi kwanza ili mikunjo isiharibu picha. Na alichokuwa anakitangaza hasa ni vita ya mwisho, ile ya usiku kwenye ngome ya Helm's Deep: mvua inamwagika, watu 300 ndani, maadui elfu 10 nje wakigonga mikuki chini. Akaieleza vizuri mno. Vijana wa jirani wakaja na viti vyao. Baba mkubwa, ambaye kwa kawaida saa 3 usiku keshalala, akavaa koti na kofia akakaa mstari wa mbele, kwa sababu aliambiwa kuna farasi.

Filamu ikaenda vizuri. Miti ikatembea, Gollum akala samaki mbichi, mfalme akatolewa kwenye kifungo cha uchawi, uso wake ukarudi ujana taratibu mbele ya macho yetu na ua mzima ukaguna. Vita ikaanza kunukia. Halafu shuka likawa jeusi.

Shemeji akadhani ni waya. Akachomoa, akachomeka. Akazima projekta, akaiwasha. Akafungua flashi: faili ni hilo moja, na limefika mwisho. Watu wametulia tu gizani, wanasikia anavyobofya. Ndipo baba mkubwa akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa hao elfu 10 wanakuja kesho?"

Kilichofuata ni kijana mmoja wa jirani kusimama mbele ya shuka na kuisimulia vita kwa mdomo na mikono, akiigiza upinde na mlipuko wa ukuta, na kusema kweli alijitahidi. Lakini hukualika watu 30 kuja kumwangalia kijana wa jirani. Kesho yake muuza muvi alimjibu shemeji bila kupepesa macho kwamba sehemu ya pili ya part 2 inauzwa kivyake.

Kwa hiyo siku moja kabla, fungua faili na uangalie muda. Likiwa chini ya saa 3 kwa zaidi ya dakika chache, kuna kitu kimekatwa. Likikaribia saa 4, unalo lile refu, kwa hiyo anzeni saa 12 jioni, msingoje saa 2 usiku. Kisha sogeza hadi mwishoni kabisa uone: Gollum yuko msituni anabishana na nafsi yake, na kwa mbali milima ya Mordor inafuka moto. Ukiyaona hayo, umepona. Usimwamini muuzaji, wala jina la faili, wala picha ya kwenye kava. Na ukiweza kuikodi au kuinunua kihalali mtandaoni, fanya hivyo, ni nafuu kuliko aibu.

Ukiwa hapohapo, kagua maandishi ya chini. Aragorn, mwenzake Legolas na mpenzi wake Arwen kuna sehemu wanaongea Kielfu, lugha ya Elfu (elves), wale watu wenye masikio yaliyochongoka, na kopi nyingi za mitaani hazina tafsiri ya sehemu hizo. Hata ile 300 kwa elfu 10 inatajwa kwenye ugomvi wa Kielfu, kwa hiyo bila maandishi utaona wanaume wawili wamefura tu. Kama unayo ile iliyowekewa sauti ya DJ, kwa wazee inafaa sana, ila ujue DJ naye ana vita yake anayoitaka.

Watoto wadogo: tatizo lao si vita. Ni yale mabwawa, wakati Frodo anapoinama na kuona nyuso za wafu chini ya maji, weupe, kisha mmoja anafumbua macho. Wa chini ya miaka 8 mtafutie kazi ya kufanya ndani dakika hizo. Gollum mwenyewe wanamzoea haraka, wengine wanampenda, na kesho yake nyumba nzima itaongea kama yeye.

Waliosoma kitabu wakae pamoja, nyuma. Wana haki ya kulalamika, maana kweli mambo yamebadilishwa: kwenye kitabu jeshi la wale Elfu wa masikio yaliyochongoka haliji kuokoa ngome, Faramir, yule kamanda anayemkamata Frodo, hamburuzi hadi mji wa Osgiliath, na yule buibui mkubwa anayewasubiri mwishoni mwa kitabu cha pili amehamishiwa filamu ya tatu. Tena kitabu kinamaliza kwanza habari za akina Aragorn, ndipo kinamrudia Frodo, bila kuchanganya. Wape nafasi ya kusema yote hayo wakati wa chai. Mimi kuhusu Faramir nawaunga mkono. Ila anayesema "subiri uone" kila dakika tano, mtoe.

Na mjuaji wa familia, yule wa kukatiza na habari za nyuma ya pazia, mpe moja aridhike: Aragorn anapopiga teke kofia ya chuma na kupiga yowe, mwigizaji Viggo Mortensen alikuwa amevunjika vidole vya mguu kweli. Nyingine ni kwamba mwandishi, Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Basi, anyamaze.

LUKU iwe na uniti za umeme za kutosha. Ununue mchana, usingoje mita ianze kulia. Spika ijaribiwe ikiwa nje, maana sauti ya sebuleni haifiki uani. Waya wa umeme usipite njia ya watoto. Majirani waarifiwe, hasa wenye mgonjwa au mtoto mchanga, kwa sababu ukuta wa ngome ukilipuka utasikika mtaa wa pili. Ya tatu msiianze usiku uleule hata watoto wakilia, ina dakika 201. Mbu wapo, washeni dawa mapema. Wanaorudi mbali wasindikizwe. Projekta ya kuazima isiachwe ipoe nje kwenye umande, na ile shuka, tafadhali, muulizeni mwenyewe kabla ya kuipigilia misumari.