Kumfundisha mtoto mwenye sindromu ya Down kwa kuufuata ubongo wake

Mtoto mwenye sindromu ya Down aghalabu huwa na kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba urithi) tatu za namba 21 badala ya mbili, jambo lililotangazwa na wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1959, na nyongeza hiyo huathiri ukuaji wa ubongo tangu angali tumboni. Picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, za watoto hao huonyesha kwamba ubongo wao kwa wastani ni mdogo, ila upungufu hauko sawa kila mahali: serebela iliyo kisogoni, inayosaidia mwili kujimudu na ulimi kutamka, imepungua zaidi, pamoja na sehemu za mbele na hipokampasi inayoshughulikia kumbukumbu, ilhali sehemu za utosini, zinazosaidia kutambua kitu kilipo, zimepungukiwa kidogo. Mzazi hahitaji kumpiga mwanawe picha hizo ili aanze kazi.

Anza na macho, kwa kuwa watoto wengi wa hali hii hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Ukimfundisha neno "kikombe", mkabidhi kikombe chenyewe, mtazamane, litamke mara moja polepole huku ukifanya ishara ya kunywa, kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi kumi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwani tunalirudia neno kabla mtoto hajapata nafasi ya kujibu. Ishara ya mkono haimzuii kusema, hata bibi akihofia hivyo. Agizo refu, kama vile "nenda jikoni ukalete sahani ya mahamri", likate vipande viwili, na cha pili kisubiri hadi cha kwanza kitimie.

Misuli yake huwa imelegea, na wengi huanza kutembea wakikaribia miaka 2 au wakishaipita. Mpeleke ufukweni maji yakishakupwa, pale mchanga ulipokaza, umshike kiunoni badala ya kumvuta mikono, wala usimpindue kichwangomba, maana mifupa ya shingo huenda haijashikana vyema.

Kabla ya kuulaumu ubongo, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa au kliniki nyingine yenye vipimo vya masikio, kwa sababu majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huwapata sana watoto hawa, nayo humnyima maneno. Omba pia apimwe macho na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ukiwa na daftari la maneno anayoyaelewa na ishara anazozitumia.