Somo: Mapumziko ya wawili Kigamboni, anza na maji ndipo utafute chumba

Wana Dar wengi likizo ya pwani tunaipanga kinyumenyume. Mtu anatafuta hoteli, analipia, anamwambia mwenza wake afungashe. Jumamosi asubuhi wanafika ufukweni, bahari imekimbilia huko mbali, iliyobaki ni michanga na mwani. Wanashinda kivulini na soda wakisubiri maji yarudi. Somo hili ni la wawili wanaotaka siku mbili tatu za kulala, kula na kucheza na mawimbi bila kupanda boti ya Zanzibar. Nazungumzia Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kuanzia Mjimwema kushuka kusini.

Hatua ya 1: Tazama mwezi

Hapa ndipo penye kazi, mengine ni mepesi.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tunakuwa kwenye bamvu: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, yaani yanatoka mbali. Kwa Dar es Salaam, siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Ikifika nusu mwezi, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa 4 asubuhi hivi na kupwa jioni. Hapo tunaita maji mafu, yaani bahari haiendi mbali wala haiji juu sana.

Kwa hiyo, wanaopenda kunywa chai na kuingia majini moja kwa moja, wachague wikiendi ya nusu mwezi. Wanaopenda kuamka wakatembea miambani wakati maji yametoka, wakalala mchana na kuogelea jioni, wachague mwezi mpevu. Mimi nawaambia wapenzi wachague mpevu bila kusita. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo jua likizama nyuma yenu upande wa mji, mwezi unachomoza mbele yenu kutoka baharini, na maji bado yamejaa. Hakuna hoteli inayoweza kuwauzia kitu hicho.

Kama simu yako ina programu ya saa za maji, vizuri. Kama huna, muulize mvuvi yeyote.

Hatua ya 2: Msimu

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia mwanzo wa masika hadi Septemba hivi. Juni mpaka Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi wa kupendeza, upepo mwingi, mawimbi ya kuchezea yapo. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, joto ni kali lakini bahari huwa tulivu zaidi. Aprili na Mei waachieni wenye mioyo migumu, mvua ikikolea barabara za ndani Kigamboni zinageuka tope.

Hatua ya 3: Kuvuka

Mkitumia mabasi ya mwendokasi, shukeni kituo cha mwisho Kivukoni, pantoni iko hatua chache. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 200, na kadi ya malipo ya N-Card inarahisisha. Ng'ambo mnakuta bajaji, bodaboda na daladala za Mjimwema. Wenye gari wanaweza kupita Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016 kutokea Kurasini. Kuna tozo, lakini Ijumaa jioni ni heri kuilipa kuliko kukaa kwenye foleni ya magari ya pantoni. Kwa miguu, hata hivyo, pantoni ni sehemu ya likizo. Simameni upande wenye upepo.

Hatua ya 4: Chumba

Mjimwema kuna kambi za ufukweni zenye vibanda vya makuti na vyumba vya kawaida. Ukienda mbele, Gezaulole mpaka Kimbiji, watu wanapungua na kimya kinaongezeka. Ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: chandarua kipo, jenereta ipo, na Jumamosi usiku kuna muziki? Hilo la tatu msiliache. Fukwe za karibu Jumapili zinajaa vijana na spika zao, na mapumziko yenu yanaishia hapo.

Hatua ya 5: Chakula

Agizeni kabla ya kuingia majini. Jiko la ufukweni halina haraka, na nyinyi mkitoka baharini njaa haina subira. Asubuhi ya kuvuka, mnaweza kupitia soko la samaki la Feri mkanunua changu au kolekole. Sehemu nyingi zinakubali kuwapikia kwa malipo kidogo, ila elewaneni bei kwanza. Madafu na mihogo mtapata hukohuko.

Hatua ya 6: Mawimbi

Anzeni na maji ya kiunoni. Mwenye ubao alale kifudifudi, asubiri wimbi ambalo limeshavunjika na kuwa povu, ajisukume nalo. Msiuweke ubao kati yenu na wimbi linalokuja, utawapiga usoni. Funga kamba ya ubao mguuni.

La hatari ni mkondo unaovuta kwenda nje. Unaonekana kama njia iliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika kushoto na kulia, na wasiojua ndipo wanapopakimbilia wakidhani pana usalama. Ukikuvuta usipambane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uachiwe, ndipo urudi nchi kavu. Kama umechoka, elea na uinue mkono. Pombe ni ya baada ya kuogelea, hili sina mjadala nalo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka wa Tabata: Mkuu, mbona kwenye video za nje mawimbi ni kama ghorofa, ya kwetu mafupi? Nataka kumwonyesha shemeji yenu ujuzi.

*Jibu:* Mawimbi yale makubwa yanazaliwa na dhoruba za mbali, kusini kabisa mwa bahari. Sisi Madagaska imetukinga na sehemu kubwa yake, halafu Zanzibar na Mafia nazo ziko jirani. Yanayotufikia mengi ni ya upepo wa kusi. Njoo Julai maji yakiwa yanajaa, utapata ya kutosha kuanguka mbele ya shemeji.

Mama Chanika: Habari za jioni. Mimi sijui kuogelea, baba watoto ni samaki. Nitafanya nini siku mbili?

*Jibu:* Njema, dada. Chagua bamvu, uende asubuhi maji yakiwa yametoka. Vaa raba, kuna wadudu weusi wa miiba mirefu kwenye miamba. Utaona kaa, nyota za bahari, na kina mama wanaookota pweza. Mgeuke maji yanapoanza kurudi, maana yanakuja kwa kasi na yanaweza kukuzunguka nyuma. Jioni baba watoto akushike mkono mkae maji ya magotini. Na Gezaulole kuna magofu ya kale ya Mbwamaji, mwende kuyatazama.

Bwana Temeke: Nilienda mwezi mpevu, saa 10 jioni maji yalikuwa bado yanapanda. Somo lako lina kasoro?

*Jibu:* Huenda ulikuwa siku moja au mbili baada ya mpevu, ndugu. Ongeza zile dakika 50 kwa kila siku. Na bamvu kubwa kabisa mara nyingi huja siku hizohizo za baada, si usiku wa mpevu wenyewe.

Mgeni wa Dodoma: Visiwa vya Bongoyo na Mbudya navyo vipi? Na machweo baharini tutayaona wapi, maana mke wangu ameyataka hayohayo.

*Jibu:* Vile ni vya kwenda na kurudi siku moja, na ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975: kuna kiingilio, hakuna kuvua wala kuondoka na makombe. Boti za Bongoyo zinatoka Slipway, pale penye maduka na migahawa Msasani, za Mbudya upande wa Kunduchi. Machweo Kigamboni hamtayapata juu ya maji. Rudini kutoka Bongoyo na boti ya alasiri, mkae Slipway, pale ghuba ya Msasani inatazama magharibi. Fikeni kabla ya saa 12 jioni, meza za mbele huisha mapema.