Gari ya zamani imelala nyuma? Shika tepu kwanza, springi baadae

Mtu akiona gari yake imelala upande mmoja, wazo la kwanza ni springi zimekufa, anakimbilia kununua mpya. Mi nakuomba sana upime kwanza. Nilishawahi kushusha springi zote mbili za nyuma, siku mbili niko chini ya gari, kumbe bushi (mpira wa ndani ya tundu la bolti) ya shakeli (kipande cha chuma kinachoshikilia ncha ya nyuma ya springi kwenye fremu ya gari) ndo ilikua imeisha upande mmoja na springi zenyewe nzima kabisa. Hapa naongelea springi za majani (vibao vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), za koili (waya mnene uliozungushwa) nitazigusa mwishoni.

1. Kupima. Weka gari sehemu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa pande zote, toa mizigo, halafu ikandamize kwa mikono mara tatu nne uiachie itulie yenyewe. Pima kuanzia katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, usianzie chini kwenye sakafu maana tairi zitakudanganya. Kisha ingia chini upime pia kutoka ekseli mpaka chesisi (fremu ya chini ya gari), kwa sababu bodi ya gari ya miaka mingi inaweza kua imepinda yenyewe. Andika namba zote. Kulia na kushoto zikipishana milimita 5 hivi mi sihangaiki, zikipishana zaidi ya 12 hapo kuna kitu.

2. Kabla hujafungua chochote angalia bushi, angalia kama kuna jani limekatika (mara nyingi ni karibu na senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshika majani pamoja), na angalia shakeli kama imeganda kwa kutu. Shokapu usizilaumu, kazi yake ni kutuliza mtikisiko, uzito wa gari unabebwa na springi, so kufunga shokapu mpya hakutainyanyua gari.

3. Kushusha. Jana yake mwagia nati zote mafuta ya kulainisha kutu. Nyanyua gari, stendi zikae chini ya chesisi mbele ya hanga ya springi (pale springi inapofungwa kwenye chesisi kwa mbele), na ekseli iibebe na jeki nyingine, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Fungua shokapu upande wa chini, fungua yu-bolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), shusha ekseli taratibu huku unaangalia paipu ya breki isivutike, halafu toa shakeli na mwisho bolti ya mbele.

4. Kutenganisha majani. Hapa ndo watu wanaumia. Majani yamebanwa kwa nguvu, ukifungua senta bolti bila kuyashika yanaruka. Funga klampu mbili imara, moja kila upande wa senta bolti, ndo ufungue nati, kisha legeza klampu kidogo kidogo kwa zamu. Safisha kila jani kwa brashi ya waya utafute nyufa, jani lenye ufa halirekebishwi.

Vuta uzi kutoka jicho moja (tundu la kwenye ncha ya springi) hadi jingine, pima kutoka kwenye uzi mpaka jani la kwanza pale katikati. Huo ndo upinde wa springi, linganisha kulia na kushoto. Ila soma kitabu cha gari yako kwanza, maana kwa mfano Land Rover za Series zilitoka kiwandani springi ya upande wa dereva ikiwa tofauti na ya abiria, na ukilazimisha zifanane gari italala tu.

5. Uamuzi. Springi ikilala, ugumu wa chuma chake haujapungua, kilichopotea ni umbo. Ndo maana kukunja upya kunawezekana, ila kukunjwe kwa baridi, jani moja moja, na fundi mwenye presi. Usikubali kabisa mtu apashe majani kwa gesi halafu ayaache yapoe hivi hivi, chuma kinapoteza uimara wake, na springi italala tena au ikatike ukiwa barabarani. Iliyokunjwa baridi nayo hua inarudi chini kiasi baada ya muda, kwa gari isiyobeba mizigo mi naona inatosha. Kuongeza jani kunanyanyua kweli lakini gari inakua ngumu, inarusha, sipendi. Ukipata mpya zinazostahili gari yako nunua, zote mbili kwa pamoja.

6. Kurudisha. Paka grisi ya grafaiti kati ya majani, weka senta bolti mpya na yu-bolti mpya (za zamani zimeshavutika), kichwa cha senta bolti kikae kwenye tundu lake pale kwenye ekseli. Bolti za bushi usizikaze moja kwa moja gari ikiwa juu, shusha kwanza ikae kwenye matairi ndo umalizie kukaza, vinginevyo mpira wa bushi unabaki umejisokota na utachanika mapema. Ukishatembea kilomita 100 hivi kaza yu-bolti tena, rudia vipimo vya mwanzo, na urekebishe taa za mbele maana zitakua zinamulika chini.

Kwa koili mambo ni yale yale ya kupima, ila yenyewe imebanwa, usiitoe bila kifaa chake cha kubania. Ikiwa imelala kidogo bila ufa, kipande cha kunyanyulia chini ya koili kinarudisha kimo bila kuigusa springi yenyewe.