Somo: Kujifungia sola bila kuunguza betri wala nyumba

Kabla hujapanda juu ya bati, jibu hili kwanza: usiku mmoja nyumba yako inakula umeme kiasi gani? Wengi huanza na paneli, "nataka ya wati mia", halafu ndiyo wanatafuta cha kuiwashia. Katika mitambo midogo niliyofunga na kufungua, paneli iliyokufa yenyewe nimeikuta mara chache mno. Kinachokufa ni kile kilicho kati ya paneli na taa: waya mwembamba, kiungio kilicholegea, betri iliyonyonywa mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo nitakaa sana huko katikati. Mengine nitayapita mbio.

Hatua ya 1: Karatasi na kalamu

Andika kila kifaa, wati zake na saa kinazowaka. Tuseme taa 4 za wati 5 kwa saa 5, hizo ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Redio na simu weka 60. Jumla 320 kwa siku.

Njiani umeme hupotea, kwenye joto la paneli, kwenye waya, na ndani ya betri yenyewe. Gawa 320 kwa 0.7, unapata kama 457. Sasa gawa kwa saa za jua kali, na hapa ndipo watu huteleza. Jua unaliona tangu asubuhi hadi jioni, lakini ukilikusanya lote, linalolisha paneli kwa nguvu yake kamili ni kama saa 4 au 5, kutegemea mahali na msimu. Tumia 4 ili msimu wa mawingu usije kukuumbua. Jibu ni wati 114. Mimi ningechukua paneli ya 150 nikalala usingizi.

Betri: 320 gawa kwa volti 12 ni ampea-saa 27 kwa siku. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 54. Ukitaka ivumilie siku mbili za mawingu, zidisha mara mbili, unapata 108, ina maana betri ya 120 inakufaa. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, kwa hiyo ya 70 inafanya kazi ileile.

Hatua ya 2: Paneli juu ya paa

Ukiwa kaskazini mwa Ikweta ielekeze kusini. Ukiwa kusini, ielekeze kaskazini. Mwinamo uwe karibu sawa na latitudo yako. Walio karibu kabisa na Ikweta wasiilaze chali, waipe nyuzi 10 au 15 ili mvua iteremke na vumbi.

Kivuli kiogope kuliko mawingu. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo: akizubaa mmoja, mstari mzima unasimama. Tawi moja linalopita juu ya pembe ya paneli saa sita mchana linaweza kukukata umeme kuliko ulivyodhani.

Acha nafasi ya kama sentimita 10 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa karibu asilimia 0.4. Paneli iliyobanwa kwenye bati la moto ikifika nyuzi 65 imeshapoteza kama asilimia 16, na jua linawaka vizuri tu.

Skrubu zishike mbao za kenchi au papi, zisishike bati peke yake. Upepo ukiingia chini ya paneli huibeba kama tanga. Usipande peke yako, usipande paa likiwa na maji, na jifunge kamba.

Hatua ya 3: Waya, viungio na fyuzi

Umeme wa volti 12 una hila yake. Volti ni ndogo, kwa hiyo ampea zinakuwa kubwa, na ampea ndizo zinazopasha waya moto. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, ikibeba mzigo wa wati 600 inavuta ampea 50 na ushee kutoka kwenye betri. Waya wa taa hauwezi hiyo kazi. Weka waya mnene, milimita 16 za mraba, na uwe mfupi: sogeza inveta kwa betri, usirefushe waya.

Kwa waya wa kutoka kwenye paneli fanya hesabu hii: urefu wa kwenda na kurudi, zidisha ampea, zidisha 0.0175, kisha gawa kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Paneli yetu ya 150 hutoa kama ampea 8. Ikiwa mbali mita 10, waya wa 2.5 utakula volti 1.1, wa milimita 6 utakula chini ya nusu volti. Na hakikisha ni shaba kweli. Kwaruza ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba kwa juu, nayo inapitisha umeme vibaya zaidi.

Kusokota waya mbili na kuzungushia tepu si kuunga. Bana vichwa vya shaba kwa koleo lake, kaza skrubu, kisha vuta kwa mkono. Baada ya saa moja ya mzigo gusa ganda la kiungio kwa nje. Kikiwa na joto kuliko waya wenyewe, kimelegea.

Fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi kama shubiri moja. Kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo ukubwa wake usipite uwezo wa waya. Betri ya volti 12 nayo nilikuwa nikiidharau. Siku moja nilikuwa nakaza nati ya betri kwa spana ndefu, ncha ya pili ikaangukia nguzo ya hasi. Ulitoka mwanga wa bluu, ukafuata mlio kama wa jiwe linalopasuka, na spana ile ninayo mpaka leo, ina kidonda kama imeng'atwa. Hiyo ni betri ya volti 12, ile ambayo watu husema haina shoti. Haikurushi, kweli, lakini inaunguza. Vua pete na saa, na funga mpini wa spana kwa tepu kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Utaratibu wa kuunga

Kontrola, kifaa kinachosimamia jinsi paneli inavyochaji betri, inaungwa kwanza na betri, kisha paneli, mwisho taa. Ukifungua unarudi kinyume: taa, paneli, betri. Sababu ni kwamba kontrola nyingi zinaisoma betri kwanza ili zijue ni mtambo wa 12 au 24. Ukianza na paneli, zingine zinachanganyikiwa na zingine zinaungua kabisa.

Paneli haina swichi. Ikiona jua, ina umeme. Ifunike blanketi zito unapounga, ila kabla ya kuifunika pima kwa multimita, kipima umeme cha mkononi: paneli ya mtambo wa 12 bila mzigo husoma kama volti 22, na alama ya kutoa ikitokea mbele ya namba, umegeuza nyaya.

Usichomoe soketi ya paneli wakati mzigo unapita. Umeme wa ukutani hurudi sifuri mara 100 au zaidi kila sekunde, hivyo cheche yake hujizima. Wa paneli hausimami, na cheche inaweza kuendelea kuwaka hewani mpaka iyeyushe plastiki. Ndiyo maana breka nayo iwe ya DC (umeme wa paneli na betri), usiweke ya AC (umeme wa ukutani) kwa kuwa ndiyo uliyonayo ndani.

Fremu ya paneli iunge na ardhi kwa waya wa shaba na nondo iliyozama.

Hatua ya 5: Kuishi nayo

Betri ya maji ikichaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Iweke penye hewa, isiwe chini ya kitanda, na mshumaa au sigara visiikaribie. Jazia maji yaliyosafishwa ya betri, ya bomba yana chumvi. Paneli ioshe asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini. Ukimwaga maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana unakitafutia ufa.

Maswali

Mkuu, nina betri ya gari imekaa tu. Haifai?
Itawasha, ila haitadumu. Ya gari ina bamba nyembamba, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya usiku kucha, siku baada ya siku, inakufa mapema. Itumie kujifunzia.

Fundi, sijawasha chochote lakini asubuhi betri iko chini. Nani anakula?
Inveta umeiacha imewashwa? Nyingi hula kama wati 10 hata zikiwa hazina mzigo. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, robo tatu ya matumizi ya nyumba nzima ya mfano wetu. Izime unapolala.

Nimeona mtu anachomeka inveta kwenye soketi ya ukutani na nyumba nzima inawaka. Niige?
Hapana kabisa. Umeme ule unatoka nje hadi kwenye nguzo, na fundi wa laini aliyepanda akijua umekatika ndiye atakayeupokea. Gridi nayo ikirudi ghafla, inveta inaungua. Inatakiwa swichi ya kubadilisha chanzo, na ifungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Naweza kuongeza betri mpya ya lithiamu sambamba na yangu ya zamani ya jeli?
Usizichanganye. Zinachajiwa kwa volti tofauti, na moja itaichosha mwenzake. Hata mbili za jeli, nyingine mpya na nyingine kuukuu, ni ndoa mbaya.

Paneli yangu inasoma volti 20 lakini betri haijai. Imekufa?
Volti bila mzigo haikuambii kitu, hata paneli iliyochoka itakuonyesha 20. Pima tena ikiwa imeungwa na inachaji, kwanza kwenye paneli, kisha kwenye kontrola. Vipimo vikipishana sana, tatizo liko kwenye waya au kiungio.

Mkuu nimerudi. Juu inasoma 18, chini 14. Nimefungua kiungio cha kwenye kona ya paa, ndani kuna unga wa kijani.
Ni kutu ya shaba, maji yaliingia. Funika paneli, kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, bana kiungio kipya kisichopitisha maji, na uache waya uning'inie kidogo chini yake ili matone yadondokee hapo badala ya kuingia ndani. Kisha pima tena saa sita utuletee namba.